Kisahani cha Mzee Bado

Kisahani cha udongo kikirushwa angani, kikakosa wa kukipiga, na kisianguke, kinakuwa mali ya nani? Swali hili liliulizwa katika klabu ya shabaha Jumamosi moja asubuhi, na wakati huo hapakuwa na mtu wa kulijibu, hata Mwenyekiti, ambaye kwa kawaida alijibu hata yale ambayo hakuulizwa.

Wanachama walikuwa wamesimama nyuma ya mstari wa chokaa, nguo zimepigwa pasi kwa heshima ya marehemu. Juu ya meza ndefu palikuwa na birika la chai, vikombe vya bati na kitambaa cha kupangusia mitutu. Pale ambapo zamani lilikaa sanduku la risasi palibaki alama ya mraba, mbao zake nyeupe kuliko zilizouzunguka, kama ukuta ulioondolewa picha.

Mbele yao alisimama binti wa marehemu, ameshika bunduki ya baba yake, mitutu miwili na yote mitupu. Kazi yake ilikuwa kupima macho na kutengeneza miwani katika chumba kimoja kilichotazamana na benki, na watu walimwita Mpima Macho hata alipokuwa sokoni akichagua vitunguu. Baba yake alikuwa amezikwa siku chache kabla. Klabuni walimwita Mzee Bado, kwa sababu kisahani kiliporushwa hakuwa na pupa ya kufyatua. Alikifuata kwa mtutu huku akinong'ona "bado, bado," mpaka kilipokaribia kugusa nyasi, ndipo akakivunja. Binti alijifunza kulenga kwake, na alijifunza kunong'ona vilevile.

Klabu ilikuwa na desturi moja ambayo haikuandikwa popote. Mwanachama akifa, Jumamosi inayofuata jina lake la utani huandikwa kwa chaki juu ya kisahani, kisahani hurushwa, na mwanawe au mwenzi wake hukivunja kwa risasi moja. Vipande vikishaanguka, wanachama husema, "Amevuka mstari," kisha hunywa chai. Desturi hiyo ilianzishwa enzi ambazo risasi zilikaa mezani kama karanga, kila mtu akichota. Hakuna aliyefikiria kwamba ipo siku ingelazimu kuuliza kwanza kama risasi ipo. Kwa hiyo Mwenyekiti aliita kwa mazoea, "Rusha," mashine ikarusha, na ndipo Mpima Macho alipogeuka na kusema, "Nani ana risasi?"

Kila mtu aliangalia viatu vyake.

Risasi zilikuwa zimeadimika. Viwanda vya ng'ambo vilivyozitengeneza vilipata wateja wakubwa zaidi, wenye ugomvi wao mkubwa zaidi, na wapenda shabaha wa Jumamosi wakasukumwa mwisho wa foleni. Mwenye Duka, ambaye ndiye pekee aliyeruhusiwa kuziuza mjini na ambaye pia alikuwa mwanachama, alikuwa na ubao wa bei mlangoni. Zamani bei iliandikwa kwa rangi. Siku hizi iliandikwa kwa chaki, na kitambaa cha kufutia kilining'inizwa kwenye msumari papo hapo, ili asihangaike kukitafuta.

"Mimi sina hata ya dawa," alisema Fundi Saa.

"Wala mimi," alisema Mshonaji. "Na hata ningekuwa nayo, kwenye kile chumba changu ningeificha wapi, ndani ya cherehani?"

"Shehena iko njiani," alisema Mwenye Duka, kama alivyosema kila alipoulizwa.

Mjane wa marehemu, mama yake Mpima Macho, alikuwa ameketi pembeni na mkoba wake mapajani. Hakusema neno, nao wakadhani ni msiba.

Kisahani kilipanda mpaka kilele cha safari yake, kikakaa hapo. Walikitazama kwa muda wa kutosha kuonyesha adabu. Chaki ilisomeka vizuri kutoka chini.

"Sasa hiki ni cha nani?" aliuliza Fundi Saa.

"Tunywe chai kwanza," alisema Mwenyekiti.

Jumamosi iliyofuata Mzee Bado alikuja klabuni. Alipita lango la nyuma kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti chake cha plastiki ambacho mguu mmoja ulifungwa waya, akavua viatu. Vilikuwa viatu vipya, alivyonunuliwa kwa ajili ya kuzikwa, na vilimbana. Aliomba vile vya zamani. Mkewe alimweleza kwamba vilishagawiwa, naye akasema haidhuru, mpewa hapokonyeki.

"Shikamoo, baba," alisema Mpima Macho.

"Marahaba, mwanangu. Leo huna wateja?"

"Jumamosi nafunga mapema."

"Vizuri." Alipokea kikombe cha chai, akakishika bila kunywa. "Nimelala kwa Fundi Saa wiki nzima. Kibarazani, maana hakufungua mlango. Chini ya kitanda chake kuna maboksi mawili ya risasi, yamefunikwa kwa mkeka."

Alisema hayo kwa sauti ileile aliyotumia kusifia hali ya hewa. Fundi Saa alikoroga chai yake, ingawa haikuwa na sukari.

"Mzee amejuaje?" aliuliza Mshonaji.

Mzee Bado alieleza kwamba kisahani chake kilikuwa kinatafuta risasi yake. Kikifika juu ya nyumba yenye risasi kinasimama, kinampa mwenyewe nafasi ya kuitoa. Asipoitoa, baada ya siku kadhaa kinakwenda kwa mwingine. Kinaanza na wenye nyingi, kinashuka kwa wenye chache. Na yeye, kwa kuwa jina lake limeandikwa juu yake, hulala chini ya kivuli chake, hana pengine.

"Sasa hayo mawili si ya kupiga," alisema Fundi Saa kwa upole. "Hayo ni akiba. Mtu mzima huwezi kulala nyumba haina akiba."

Wengi waliona hoja hiyo ina uzito. Mshonaji alicheka akamwambia kwamba mwenye akiba haoni haya kuomba ya jirani, na kweli Fundi Saa alikuwa ameomba risasi kwa kila mtu tangu mwaka uanze.

Jumamosi nyingine Mzee Bado alisema alikuwa amelala kwa Mshonaji, na kwamba risasi zilikuwa ndani ya cherehani, kweli, chini ya ile sahani ya sindano, zimeviringishwa kwenye mabaki ya kitambaa cha pazia. Sasa zamu ya kucheka ikawa ya Fundi Saa. Mshonaji alisema alizisahau. Alisema pia kwamba zingekuwa za mtu mwingine angezitoa, lakini zilikuwa zake. Baadaye ikawa kwa Mwenyekiti, ambaye alizitunza katika mkebe wa biskuti, na ambaye alieleza kwa kirefu tofauti iliyopo kati ya kuficha na kuhifadhi.

Kitu kimoja tu hakikutajwa katika mpangilio huo wa kisahani, nacho ni kwamba kabla ya hao wote, siku ileile kilipokosa kupigwa, kilipita juu ya ghala la Mwenye Duka na kusimama huko tangu saa ya chai mpaka jua lilipotua. Mzee Bado hakulitaja hilo mwanzoni kwa kuwa alikuwa bado mgeni katika hali yake na hakujua kama usingizi wa kwanza unahesabika. Alipolitaja, alisema masanduku yamepangwa mpaka darini, na panya wametoboa moja.

Mpima Macho alifikiri kwamba sasa, angalau sasa, mtu angesimama. Alimtazama kila mmoja usoni, kama alivyowatazama wateja wake walipodai wanaiona herufi ambayo hawaioni.

"Kumbe zipo," alisema Fundi Saa, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Nilisema shehena iko njiani," alisema Mwenye Duka. "Sikusema njia ipi."

Jumatatu kulikuwa na foleni mbele ya duka. Mwenye Duka alichukua kitambaa kwenye msumari, akafuta bei, akaandika nyingine, akiwaeleza wateja kwamba asingefanya hivyo kama wasingepanga foleni. Walikubali kwamba foleni ilikuwa ndefu. Kila mmoja alinunua alichoweza, akakipeleka nyumbani, akakitafutia mahali. Jumamosi iliyofuata alama ya mraba juu ya meza ilikuwa vilevile, na bunduki zote zilikuwa tupu. Wanachama walisimama mstarini, mmoja mmoja, wakafuata visahani kwa mitutu, na walipofika mahali pa kufyatua walisema "pah" kwa mdomo. Visahani vya kawaida vilianguka kwenye nyasi vikiwa vizima. Mwenyekiti aliviokota na kuvisifu kwamba vinadumu.

Mpima Macho alikwenda kwa kila mmoja nyumbani kwake. Hakwenda kugombana, alibisha hodi, akaketi, akauliza habari za watoto, kisha akaomba risasi moja ya kumpumzisha baba yake. Fundi Saa alimwambia amwombe Mshonaji, ambaye zake ni nyingi zaidi. Mshonaji alimwambia amwombe Mwenyekiti, ambaye ni mtu wa cheo. Mwenyekiti alimwambia kwamba jambo hilo ni la dukani. Mwenye Duka alimwambia, kwa masikitiko ya kweli, kwamba angempa hata bure, lakini akimpa mmoja bure, wengine watasema nini? Wote walikubaliana katika jambo moja: mzee apumzishwe, na haraka. Walilisema kwa moyo, maana ilikuwa imechosha kumwona kila Jumamosi akivua viatu na kufungua mdomo.

Naye alikuwa amechoka. Mpima Macho aliliona hilo kwa jinsi alivyokaa, ameegemea upande usio na waya, na kwa jinsi alivyokuwa akijibu kwa ufupi. Mvua ilimkuta kwenye vibaraza vya watu. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimechubuka.

"Baba, unaumwa?"

"Wafu hawaumwi. Wanachoka tu." Alifikiri kidogo. "Kuchoka ni kubaya zaidi, maana hakuna dawa yake ya kununua."

"Nikipata risasi, utaondoka?"

"Nitavuka mstari kama wenzangu."

"Na sisi?"

Mzee Bado alimtazama mkewe aliyekuwa akimpangia mto mgongoni. "Ninyi mtakunywa chai," alisema.

Wiki ile kisahani kilikuja juu ya paa la nyumba yao.

Mpima Macho alikiona asubuhi alipotoka kumwaga maji. Kilisimama sawasawa juu ya chumba cha mama yake, na chaki ilikuwa imefifia kidogo kwa mvua, lakini jina lilisomeka. Alisimama na ndoo mkononi. Hakuwa na haja ya kukisia. Kisahani hakikuwa na tabia ya kukosea. Aliingia ndani akamkuta mama yake akikunja shuka ambalo baba yake alilalia, kwa kuwa safari hii hakuna aliyemfungia mlango.

"Ziko wapi?" aliuliza.

Mama yake hakujifanya haelewi. Alifungua sanduku la nguo, akatoa kitenge, akatoa kitenge kingine, akatoa boksi la risasi lenye pembe zilizochakaa. Lilikuwa limeshafunguliwa. Mzee mwenyewe alilileta siku moja kabla hajaugua, akasema, "Nitunzie hili."

"Ulikuwa nalo siku ile?"

"Nilikuwa na moja kwenye mkoba."

Mpima Macho aliketi kitandani. Mama yake alimaliza kukunja shuka, akalilainisha kwa kiganja, kisha akaketi naye.

"Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya bei," alisema. "Paa linavuja, ada ya mdogo wako haijakamilika, na kila nikipita dukani naona ubao umefutwa. Nikasema, Jumamosi moja tu ipite, kisahani kitaanguka kama vingine, na marehemu ni mtu mwelewa. Baadaye nilinyamaza kwa sababu alirudi. Ningekutolea risasi nikuambie uniondolee mume wangu? Sababu ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, mwanangu. Lakini ya kwanza ndiyo iliyotangulia, na sitaki kukudanganya."

"Nimezunguka mji mzima nikiomba, mama."

"Najua. Nilikupikia kila uliporudi."

Mzee Bado alikuwa ameamka. Alikuwa ameketi ukumbini, miguu peku, akisikiliza redio kwa sauti ya chini. Binti yake alimuuliza kama alijua tangu mwanzo.

"Nilijua nilikoliweka," alisema. "Kama bado lilikuwepo, hilo sikulijua mpaka nilipolala hapa."

"Na ungesema Jumamosi? Mbele ya watu?"

"Ningeulizwa nimelala wapi, ningesema."

Mama yake, mlangoni, alisema ni haki. Alisema wengine walisemwa, nao pia watasemwa. Kisha akamuuliza mumewe kama atakunywa uji, naye akasema amletee, ataushika.

Jumamosi Mpima Macho alichukua boksi akaliweka ndani ya kikapu, akaenda nalo klabuni kwa miguu. Kisahani kilimfuata. Kilielea nyuma yake kidogo, juu ya nyaya za umeme, kama mbwa anayejua njia lakini anaona adabu kutangulia. Baba yake alitembea kivulini mwake, viatu mkononi, na mama yake alitembea kando na mto. Watu waliokuwa wakifungua maduka waliwasalimu wote watatu.

Mezani alilifungua boksi na kulisimamisha juu ya ile alama ya mraba. Alisema, "Hizi zilikuwa kwetu. Ndani ya sanduku la mama." Akangoja. Hakuna aliyemlaumu mama yake. Mshonaji hata alimsogelea akampa pole, kama mwenzake aliyefichuliwa.

Risasi zilitosha kumpa kila mwanachama moja, na moja ikabaki. Mpima Macho alikuwa amelifikiria jambo hilo usiku kucha, na aliliona kuwa zuri. Alizigawa mkono kwa mkono. Alisema kila mtu ajaze bunduki, wapige pamoja kwenye uwanja mtupu kumuaga mzee, kama ilivyokuwa zamani, na labda kuanzia hapo kila mmoja angeleta kidogo alicho nacho, meza ijae tena, na ubao wa bei ukose kazi. Alilisema hilo kwa kuwa aliliamini.

Walimshukuru sana. Fundi Saa aliigeuzageuza risasi yake kwenye mwanga, akaisifu, akaitia mfuko wa shati. Mshonaji aliifunga kwenye pindo la kitambaa. Mwenyekiti aliitia mfuko wa ndani wa koti, akaupigapiga.

"Hamjazi?" aliuliza Mpima Macho.

"Hii ni ya kumbukumbu," alisema Mshonaji. "Ya Mzee Bado. Nitaipigaje?"

"Itakuwa ya dharura," alisema Fundi Saa.

Mwenye Duka, aliyekuwa amepewa yake kama wengine, alimuuliza Fundi Saa kwa sauti ya chini kama anaiuza, akamtajia bei, na Fundi Saa akasema atafikiria. Juu yao kisahani kiliyumba upande huu na upande ule, kikifuata mfuko hadi mfuko. Kisha kilitulia juu ya mkono wa Mpima Macho, ulioshika ile ya mwisho.

Mzee Bado alikuwa amekwisha kuketi. Aliviweka viatu chini ya kiti, visigino vikiwa pamoja, kama mtu anayeacha vitu mahali vitakapoonekana. Mkewe alimshika bega. Aliliminya, akaliachia, kisha akachukua mto kutoka mgongoni mwake akaubana kwapani.

"Mpige mzee apumzike, binti yangu," alisema Mwenyekiti. "Ameteseka. Sote tumeteseka."

"Kweli," walisema wengine, na nyuso zao zilikuwa zimekunjuka. Mmoja wao alianza kumimina chai.

Mpima Macho aliingiza risasi kwenye mtutu wa kulia na kuifunga bunduki. Ilitoa mlio mdogo ambao hawakuwa wameusikia kwa muda mrefu. Alisogea mpaka kwenye mstari wa chokaa. Kutoka hapo aliwageukia, mtutu ukielekea chini kama alivyofundishwa.

"Nakipiga sasa hivi," alisema. "Baba anaondoka. Kiti chake msikitoe. Jumamosi ijayo nitakaa mimi, na kila Jumamosi baada ya hiyo, na nitawaambia risasi ziko kwa nani na ziko wapi, nikianza na kwetu kama zitakuwepo. Nyumba zote nimeshazijua. Chai mtanimiminia au hamtanimiminia, nitasema."

"Haya," alisema Mwenyekiti. "Kiti kipo."

Aligeuka, akainua bunduki, akaanza kunong'ona.